Technics SP-10MK2 ya 1975: inafikaje spidi kwa robo sekunde?

Fundi_Rotari:
Wakuu salaam. Kule kwenye uzi wa zilipendwa kuna jamaa kaandika kwamba pleya ya santuri ni mota, sahani na sindano basi, na wanaonunua pleya kuukuu ya miaka ya 70 kwa hela ya bodaboda mpya wamelishwa maneno ya matangazo. Sikutaka kumjibu kule nikaharibu uzi wa watu, ndo nimefungua huu. Nitaongelea mashine moja tu, Technics SP-10MK2, maana ninayo mezani ya mteja, imefunguliwa tumbo liko wazi, naandika huku naiangalia.

Tuanze na tatizo lenyewe. LP, ile santuri kubwa ya nyimbo nyingi, inatakiwa izunguke mara 33 na theluthi kwa dakika. Pembeni kabisa ya LP ya inchi 12 sindano inakimbia mferejini kama sentimita 51 kwa sekunde, ukifika karibu na lebo zinabaki kama 21 hivi. Mawimbi yaliyochongwa mle ndani mengine hayafiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Sasa sindano haijui lipi wimbi la gitaa na lipi ni mtetemo wa mota yako, yenyewe inasoma kila kitu na ampu inakuza kila kitu. Kwa hiyo injinia ana maadui wawili, spidi kuyumba na mtetemo, na balaa ni kwamba ukimkaba mmoja mwingine anaponyoka.

Mfano Garrard 301 ya Uingereza, 1954. Mota yake inazunguka karibu mara 1,500 kwa dakika, inasukuma gurudumu la mpira, gurudumu linasukuma ukingo wa sahani kwa ndani. Nguvu ipo ya kutosha, spidi haitetereki kirahisi, ila mota ya mizunguko 1,500 inatetema mara 25 kwa sekunde na gurudumu linaubeba mtetemo huo moja kwa moja mpaka kwenye sahani. Wengine wakaenda njia ya mkanda, AR XA ya Marekani 1961, halafu Linn LP12 ya Scotland miaka ya 70 mwanzoni. Mota ndogo, ya Linn inazunguka 250 tu kwa dakika kwenye umeme wa hezi 50, mkanda wa mpira unameza mtetemo. Safi, kimya. Ila mpira unavutika, na mota yenyewe ni dhaifu, ukiigusa sahani na kidole inakuitikia. Waswisi wa Thorens kwenye TD 124 ya 1957 waliamua kuweka vyote viwili, mkanda kutoka kwenye mota halafu gurudumu la mpira, na mashine ile mpaka leo ina wapenzi wake.

Mwaka 1970 Matsushita kule Osaka, wenye jina la Technics, wakatoa SP-10 ya kwanza, kazi ya injinia Shuichi Obata na timu yake. Wakafuta mkanda, wakafuta gurudumu. Mota yenyewe ndo inazunguka 33 na theluthi na sahani imekaa juu ya ekseli yake. Ilikuwa pleya ya kwanza duniani ya dairekti draivu kuingia sokoni. Hebu ona kilichotokea kwenye mtetemo: mota inayozunguka 33 kwa dakika inafanya kama mzunguko nusu na kidogo kwa sekunde, sikio la binadamu haliko huko kabisa. Adui mmoja kapelekwa mbali bila kumwekea mpira wowote.

Ila ndo unaingia kwenye shida nyingine, mota ya taratibu kiasi hicho inapenda kudunda kutoka sumaku hadi sumaku, haiendi laini. Hapo ndo elektroniki inaingia. Nikirudi kutoka dukani naendelea.

mpiga_besi:
Nimekaa siti ya mbele mkuu, shusha nondo

Binti_Makorora:
Uzi bila picha... ila huu nausamehe. Kaka hiyo robo sekunde kwenye kichwa cha habari ni kweli au chumvi ya kiwandani?

Fundi_Rotari:
Nimerudi. Dada Makorora swali lako zuri na tusiwaamini, tupige hesabu wenyewe. Sahani ya MK2 ni alumini, kilo 2.9, upana sentimita 32. Chukulia ni duara la unene sawa, ugumu wake wa kuanza kuzunguka unapata kama 0.037 kwa vipimo vya kilo na mita. Nguvu ya mota ya kuzungusha wameiandika kilo 6 kwa sentimita (kilo zidisha sentimita), yaani kama nyutoni-mita 0.59. Gawanya, spidi inaongezeka kwa radiani kama 16 kwa kila sekunde. Spidi ya LP ni radiani 3.49 kwa sekunde. 3.49 gawa kwa 16 unapata sekunde 0.22. Kiwanda kimeandika 0.25. Sahani halisi ni nzito zaidi ukingoni kuliko katikati kwa hiyo hiyo tofauti ndogo inajieleza. Yaani inafika spidi kamili kabla haijazunguka hata moja ya kumi ya duara, kama digrii 25. Hamna chumvi hapo.

Ukija MK3 ya 1981 sahani ni kilo 10, mota kilo 16 kwa sentimita, na muda wameuweka ule ule robo sekunde. Waliongeza uzito na nguvu kwa pamoja mpaka wakaangukia pale pale. Wajapani wa kipindi kile bana.

Sasa elektroniki. SP-10 ya kwanza ya 1970 ilikuwa inalinganisha spidi na volti fulani ya mfano, na volti inahama joto likibadilika. MK2 wakaleta kwatsi, jiwe linalotetema kwa masafa yasiyohama. Chini ya sahani mota ina koili inayotoa mapigo kadiri inavyozunguka, sakiti inayachukua mapigo hayo na kuyalinganisha na mapigo ya kwatsi yaliyogawanywa mpaka yakashuka. Na hailinganishi idadi tu, inaangalia pigo hili na lile yamefika pamoja au moja limechelewa. Likichelewa mota inaongezewa, likitangulia inapunguziwa, muda wote, haipumziki. Matokeo yaliyoandikwa: kuyumba kwa spidi 0.025%, kuhama kwa spidi kwa muda mrefu 0.002%. Ukichukua noti ya La ya hezi 440, hiyo 0.025% ni kama hezi 0.1. Mwimbaji gani anayeimba kwa usahihi huo?

KangaMweusi:
Mkuu nimekusoma ila mi ni mtu wa mkanda na sijashawishika. Sindano inahitaji nguvu gani ya kuvutwa? Kidogo sana. Kilo 6 kwa sentimita ni za kufanyia nini kama si matangazo? Na hilo la "muda wote inaongezewa inapunguziwa" ndo kasoro yenyewe, maana kila marekebisho ni kisukumo na masikio yanasikia. LP12 yangu haina kompyuta inayoikimbiza, uzito wa sahani na beringi nzuri vinafanya kazi, muziki unatiririka.

Fundi_Rotari:
KangaMweusi karibu, nilijua watu wa mkanda mtafika tu 😀

Hesabu tena. Katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, inakanyaga kwa gramu 2, msuguano kwenye plastiki ya santuri chukua 0.3, pembeni kabisa ya LP unapata kama gramu 9 kwa sentimita. Mota ina gramu 6,000 kwa sentimita. Ni zaidi ya mara 600. Kwa hiyo una haki, kwa kazi ya kubeba sindano peke yake nguvu ile ni kufuru. Ila mashine hii haikutengenezwa kwa ajili ya sebule. Ilitengenezwa kwa redio. Mtangazaji anataka abonyeze na wimbo uanze pale pale alipoongea, na abonyeze tena isimame, na MK2 inasimama kwa kama sekunde 0.3 kwa breki. BBC walizitumia. Ndo maana haiji na mkono wa sindano wala kitako cha kuikalia, unanunua mota na sahani na boksi la umeme, mkono unajichagulia mwenyewe.

Kuhusu visukumo, hapo una hoja na siikatai. Sevo, yaani hiyo sakiti ya kurekebisha spidi, ikiwa mbovu inawinda, inapita spidi inarudi inapita inarudi, na pleya nyingi za bei rahisi za dairekti draivu za mwishoni mwa miaka ya 70 zilikuwa hivyo, zikaipa teknolojia nzima jina baya. Kenwood kwenye L-07D ya 1979 waliweka mota ambayo koili zake hazina kiini cha chuma ili kusiwe na kudunda kabisa, na Technics wenyewe waliporudisha pleya yao ya SL-1200 mwaka 2016 walikimbilia huko huko. Kwa hiyo kudunda ni kitu cha kweli, wangekuwa wanaota wasingehangaika. Ila kwa MK2 yenye sahani nzito na mota ya sumaku nyingi, mi masikio yangu hayajakisikia.

Halafu kitu kimoja watu wa mkanda mnakikwepa. Mashine ya Neumann VMS 80, ile ya kuchongea santuri kule Ujerumani, sahani yake ilizungushwa na mota ya Technics ya dairekti draivu. Baadhi ya LP unazozisikiliza kwenye LP12 yako zilichongwa na mota ya ukoo huu huu.

KangaMweusi:
Hilo la Neumann umenipiga chini ya mkanda, literali 😂. Ila mashine ya kuchongea ina sahani nzito kuliko hizo zenu zote, inazungushwa na mota lakini inatulizwa na uzito. Nabaki na msimamo wangu.

Wa_Keko:
Wataalamu mimi ni seremala, santuri sina hata moja. Kuna mzee kaniletea hiyo hiyo SP-10 anataka nimtengenezee kitako, anasema kiwe kizito. Nimemwambia nitatumia mninga unene inchi 2 akakataa kasema haitoshi. Kwani kitako kinafanya nini hasa zaidi ya kubeba?

Fundi_Rotari:
Mzee wako yuko sahihi mkuu. Mota inaposukuma sahani upande huu, inajisukuma yenyewe na boksi lake upande wa pili kwa nguvu ile ile. Nyutoni-mita 0.59 si ya kitoto. Bonyeza stati huku umeweka kiganja kwenye kitako chepesi utakihisi kinatikisika. Na mkono wa sindano umefungwa kwenye hicho hicho kitako, kwa hiyo kikicheza kitako sindano inasoma mchezo wa kitako. Technics wenyewe kitako chao cha SH-10B3 hawakutumia mbao tupu, walitumia mawe ya obsidiani, kioo cha volkano, yaliyosagwa na kuungwa.

Kwako ningefanya hivi: usitumie ubao mmoja mnene. Pasua mninga na plaiwudi ya maana, panga tabaka kwa tabaka nyuzi zikikatana, gundi ya kutosha, bana kwa klampu usiku kucha, fika unene wa sentimita 8 mpaka 10. Tabaka tofauti hazitetemi kwa sauti moja ndo maana zinauana mtetemo. Tundu la mota likate kwa ruta siyo msumeno, mota ikae bila kuyumba hata unywele. Na muachie nafasi ya kubadilisha ubao wa mkono, akipata mkono mwingine kesho asikuletee kitako chote.

Wa_Keko:
Nimekupata. Mninga ukauke kwanza sasa, huu nilionao bado mbichi, atasubiri

Dar_hadi_Moro:
Samahani naingilia. Ndugu yangu aliniletea Garrard 301 kutoka Marekani. Volti nilibadilisha kwenye vituo vya mota ikakubali 230, inazunguka vizuri kimyaa. Lakini kila santuri inaburura, Mbaraka Mwinshehe anaimba kama kaamshwa usingizini. Fundi wa mtaani kasema mota imechoka nibadilishe.

Fundi_Rotari:
Usibadilishe mota!! Mota haijachoka. Marekani umeme ni hezi 60, kwetu ni 50, na mota ile inafuata hezi siyo volti. Umepoteza moja ya sita ya spidi, 33.3 imekuwa 27.8, muziki umeshuka nusutoni tatu na kitu. Tafuta puli ya hezi 50, ni kipande kidogo cha chuma juu ya shafti ya mota, kipana kidogo kuliko ulichonacho. Kitufe cha kurekebishia spidi kina breki ya sumaku lakini kinarekebisha kidogo tu, hakiwezi kuziba pengo hilo, na breki inapunguza tu haiongezi.

SP-10 haina shida hii kwa sababu umeme unageuzwa kuwa DC kwanza, yaani umeme usio na hezi, na spidi inatoka kwenye kwatsi. Hata taa ya kuangalizia spidi inawashwa na kwatsi, siyo na umeme wa ukutani. Ya Japani inataka volti 100 tu, weka transfoma ya kushusha iliyo nzuri umemaliza.

Mzenji_wa_Maskati:
Assalaam alaykum jamaa. Mie niko Maskati, marehemu babu katuachia masanduku ya santuri za zamani zile nzito zenye kuvunjika, mna za Siti binti Saad ndani yake, za kampuni ya HMV. Nataka nizitie kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Hii MK2 nnaona ina spidi ya 78, itanifaa? Na mbona nilipojaribu kwa pleya ya rafiki yangu kulikuwa na makelele matupu?

Fundi_Rotari:
Waalaykum salaam kaka. Hizo ni mali, Siti na kundi lake walisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi HMV, zitunze wima na usizipange moja juu ya nyingine.

Makelele: rafiki yako bila shaka alitumia sindano ya LP. Mfereji wa 78 ni mpana mara kadhaa, sindano ya LP inazama mpaka chini ambako pamejaa vumbi la miaka 90. Unataka sindano ya 78, ncha yake ni kubwa kama mara nne, inakaa juu kwenye kuta za mfereji pasipochakaa sana. Halafu tumia mono, na usitumie ampu ya foni (ile ndogo ya kukuza sauti ya pleya) ya kawaida kwa sababu ile inarekebisha sauti kwa kanuni ya LP iliyokuja miaka ya 50, besi na treble zitatoka siyo.

Sasa MK2. Inazunguka 78.26 kamili na haina kitufe cha kupandisha wala kushusha. Huo ndo udhaifu wake kwa kazi yako, maana za miaka ile nyingi hazikuchongwa kwa 78 kamili. MK3 ina kurekebisha mpaka 9.9% juu na chini ila bei yake achana nayo. Mi ningekuambia rekodi kwa MK2 kama ilivyo, kisha urekebishe spidi kwenye programu kama Audacity. Spidi isiyo sahihi lakini isiyoyumba inarekebishika kwa namba moja. Inayoyumba ndo ya kulia nayo.

Mzenji_wa_Maskati:
Ahsante sana, Mungu akulipe. Sindano nshaiona Uingereza, nnaiagiza.

sigli_45_Nai:
Sasa wazito, naomba kumwaga maji kidogo. Mimi hukusanya sigli za 45 zilizopigwa hapa Nairobi miaka ya 70, benga, rumba, bendi za Tanzania zilizokuja kupigiwa santuri hapa. Zangu nyingi tundu la katikati haliko katikati. Tuseme limekosea nusu milimita. Sindano ikiwa milimita 75 kutoka katikati, spidi inapanda na kushuka 0.67% kila mzunguko. Nyinyi mnapigania 0.025%. Santuri yenyewe inaharibu zaidi ya mara ishirini ya hiyo mashine mnayoiabudu! Piano na gitaa la solo zinapepea wazi wazi, si mambo ya kufikiria.

mpiga_besi:
Eeeh. Fundi jibu hilo

Fundi_Rotari:
Sigli_45 hesabu yako haina kasoro. Na kadiri unavyokaribia lebo inazidi, kwa sababu nusu milimita ile ile inagawanywa kwa duara dogo. Hakuna mota duniani inayoweza kutibu hilo, mota inazungusha tundu siyo mfereji.

Walikuwepo waliolijaribu. Nakamichi mwanzoni mwa miaka ya 80 walitoa TX-1000, ina mkono wa pili unaoshuka kwenye mfereji mtupu wa mwisho wa santuri, unapima tundu limekosea kiasi gani, halafu sahani ya juu inasogea yenyewe mpaka mfereji unakaa katikati, ndo muziki unaanza. Kwangu mimi ni mashine ya akili kuliko SP-10 hizi tatu, na wameiuza chache kwa sababu ya bei na kwa sababu watu waliona ni kichekesho.

Sisi wengine tunafanya kwa mkono. Panua tundu la sigli kidogo kwa faili ya duara ili licheze kwenye pini, weka sindano kwenye mfereji wa mwisho, tazama kichwa cha mkono kinavyoenda kushoto kulia. Kinapofika mwisho wa kulia simamisha, sukuma santuri kwa kidole nusu ya mchezo huo, jaribu tena. Ukizoea unafanya haraka. Ila usifanye kwa sigli ambayo ni adimu, kupanua tundu kunashusha thamani kwa wakusanyaji.

sigli_45_Nai:
Hapo tumeelewana. Kwa hivyo unaikubali SP-10 ni ya nini kama santuri ndiyo mbovu?

Fundi_Rotari:
Kwa LP iliyotengenezwa vizuri kiwandani, na kwa kurekodi. Na kwa kuwa ukisikia kupepea ujue ni santuri, mashine unaitoa kwenye orodha ya washukiwa. Mimi kama fundi hilo linaniokolea muda mwingi.

Binti_Makorora:
Mwenye kutaka kununua akague nini? Kuna moja nimeiona mtandaoni muuzaji anasema "inawaka taa, haijajaribiwa"

Fundi_Rotari:
"Haijajaribiwa" maana yake imejaribiwa ikagoma.

Cha kwanza boksi la umeme. Lina kapasita za karibu miaka 50, zimekauka. Usiunganishe boksi na mota kabla hujapima: unatakiwa kuona volti 5 na volti 32.5, na nyingine ya kama 140 ya taa ya spidi, hiyo ya mwisho usiiguse. Kama kwenye 5 unaona zaidi, simama hapo hapo, ukiunganisha unachoma IC (chipu) ya kugawa mapigo ya kwatsi, na hiyo haitengenezwi tena, utakuwa umenunua sahani ya alumini ya kilo 2.9. Niliyonayo mezani ilikuja hivyo, fundi wa awali aliunganisha kwanza akapima baadaye, sasa tunatafuta IC kwenye maiti za mashine nyingine.

Cha pili, fungua skrubu tatu utoe sahani, zungusha rota kwa mkono. Iende kimya. Ukisikia mkwaruzo chini, kile kipande cha plastiki ambacho shafti inakanyaga kimechimbika, kinabadilishika, si kazi kubwa, mafuta mapya tone mbili tatu.

Cha tatu iwashe, bonyeza 33, tazama vidoti pembeni ya sahani. Vinatakiwa visimame kama vimechorwa. Vikitambaa hata kidogo kwatsi haijashika na muuzaji akikuambia "ndivyo zilivyo" mrudishie funguo za duka lake. Jaribu na 45 na 78 pia, kuna zinazoshika spidi moja zikagoma nyingine. Kisha ishike sahani kwa kidole pembeni, kwa upole, vidoti vibaki vimesimama huku unahisi mota inakusukuma.

Binti_Makorora:
Nimemuandikia muuzaji anitumie video ya vidoti kwa spidi zote tatu. Kaniblock 😂

KangaMweusi:
Njoo kwenye mkanda dada, sisi tukiharibikiwa tunanunua mpira mpya tu